Usia wa Mashujaa wa Hadithi, na Nia za Wale Wanaousikia

Katika mazungumzo haya twataka kunena juu ya jambo moja lipatikanalo sana katika hadithi za kale za nchi zetu, nalo ni maneno ya mwisho ya shujaa akaribiapo kufa. Kila aliyepata kukaa na wazee jioni ameyasikia. Mfalme amelala kitandani, awaita wanawe. Au shujaa amechomwa, asema neno moja, kisha akata roho. Sisi walimu twajua jinsi neno lile linavyoshika katika moyo wa mtoto. Ukimwuliza mwanafunzi baada ya mwezi mmoja anakumbuka nini katika hadithi aliyosomewa, majina ya miji yamekwisha kumtoka, na hesabu ya maadui hajui tena. Lakini usia anao, tena ataukariri kwa sauti ile ile aliyousikia.

Sababu yake si ngumu. Mtu anayekufa hadhaniwi kuwa na haja ya kusema uongo, kwa kuwa hana tena faida ya kuitafuta hapa duniani. Tena mtu aliyekwisha kufa haulizwi, wala hawezi kuinuka na kusema kwamba maneno yale hakuyatamka. Angalieni, ndugu wasomaji, jinsi sababu hizi mbili zinavyovutana. Ile ya kwanza hutufanya tuliamini neno la mwisho. Ile ya pili ingetupasa tuliangalie sana. Maana neno hilo hutufikia daima kwa kinywa cha mtu mwingine, na huyo mwingine yu hai bado, ana ng'ombe wake, ana mashamba yake, ana haja zake. Basi kila tusikiapo usia wa shujaa, yafaa tuulize ni nani aliyekuwapo akausikia, na huyo alikuwa akitaka nini.

Tuanze na hadithi ya pwani, kwa kuwa inajulikana mbali, nayo ni ya Fumo Liongo. Askofu Edward Steere aliitia katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliitungia utenzi. Liongo alikuwa mtu wa nchi za Pate na Ozi, karibu na mahali mto Tana unapoingia baharini. Mshairi mkubwa, mpiga upinde asiyekosa, na mwenye nguvu kupita kiasi cha wanadamu. Silaha hazikumdhuru. Kulikuwa na kitu kimoja tu kiwezacho kumwua, nacho ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Kabla ya kufika kwenye kifo chake, kuna kisa kidogo ambacho kinatusaidia. Liongo alipotiwa kifungoni, mama yake alimpelekea chakula kila siku, na walinzi wakala kizuri na kumwachia makombo. Akatunga wimbo, akamwimbia kijakazi aliyeleta chakula. Walinzi waliusikia kila neno, wakaona ni wimbo tu. Mama yake alipoletewa maneno yale alielewa, akaoka mkate wa kumvi, akaficha tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau mkate, wakamtupia mfungwa. Kwa tupa ile alikata minyororo, huku nje watu wakipiga matari na kuimba kwa amri yake mwenyewe, hata mlio wa chuma usisikike. Maneno yalikuwa yale yale kwa walinzi na kwa mama. Waliokuwa mbalimbali ni wasikiaji.

Baadaye maadui zake walimwendea mwanawe, na wengine husema alikuwa mpwawe. Wakamwahidi ukubwa na mke wa nyumba ya kifalme, ili aende akamwulize baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Kijana akaenda, akauliza kwa sura ya upole kana kwamba amwogopea baba yake. Na hapa ndipo hadithi inapokuwa kubwa. Liongo hakuwa mjinga; mtu aliyewadanganya walinzi kwa wimbo hawezi kudanganywa na kijana kwa swali la namna ile. Masimulizi yanatuonyesha kwamba alishuku. Lakini alijibu, akasema habari ya sindano.

Kwa nini alijibu? Wanafunzi wetu hubishana sana hapa, na huwa twawaacha wabishane. Wako wasemao kwamba alichoka na maisha ya kuwindwa. Wako wasemao kwamba alijivuna, akadhani hakuna atakayethubutu. Sisi twaona kwamba angalikataa kujibu angalikuwa amekiri kwa kinywa chake kuwa hana mtoto. Akachagua kumwambia, kisha akangoja kuona mtoto atafanya nini na siri ya baba yake. Hili ni wazo letu, wala hadithi haisemi hivyo mahali popote. Lakini hadithi inaacha nafasi, na pengine ndiyo sababu imeishi miaka mingi hivi.

Kijana alimchoma usingizini. Liongo akaamka, akatwaa upinde na mishale, akaenda hata karibu na kisima cha mji, akapiga magoti, akatia mshale, akavuta upinde. Akafa vivyo hivyo, asianguke. Hakusema neno. Watu walipomwona kwa mbali walidhani yu hai na ana hasira, na kwa siku kadhaa hapakuwa mtu aliyethubutu kuteka maji. Basi neno lake la mwisho lilikuwa lile la sindano, alilompa mtoto wake. Na baada yake likaja hili lisilo na sauti, la upinde uliovutwa, ambalo mji mzima ulilisikia.

Wenye mji wakamwendea mama yake, wakamsihi aende akamtulize mwanawe. Mama akaenda na mashairi yake, akamwimbia. Ona nia mbili katika tendo moja! Mama alikwenda kumbembeleza mtoto wake ambaye hakujua kwamba amekwisha kufa. Wale waliomtuma walitaka maji. Hatimaye maiti ikaanguka, na ndipo sindano ikaonekana. Ama yule kijana, masimulizi hayakubaliani juu ya mwisho wake, lakini ukubwa alioahidiwa hakuupata.

Wasomaji wa vitabu watauliza kama watungaji wa siku za baadaye nao wanaficha nia za watu wao namna hii. Kwa kweli wanatofautiana. Shaaban Robert, katika Kusadikika kilichotoka mwaka 1951, alibuni nchi inayoning'inia angani, na mshtaki wake akamwita Majivuno; katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wamtupao Adili baharini wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hapo hakuna nia ya kuitafuta, jina limekwisha kuitangaza mlangoni. Lakini Karama, mshtakiwa wa Kusadikika, ana jambo la kutufaa. Alisimama mbele ya mfalme akiwa katika hatari ya kufa, na maneno yake yangaliweza kuwa ya mwisho. Hata hivyo hakujililia nafsi yake. Alisimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote ulimwenguni, wakarudi na mema, wakafungwa. Watawala walidhani wanasikiliza hadithi, kumbe walikuwa wakisomewa mashtaka yao wenyewe. Na mwishowe wafungwa wote wakafunguliwa pamoja naye.

Ulaya nako, J. R. R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, aliandika hadithi ndefu ya mazimwi na pete yenye uchawi, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, iitwayo The Lord of the Rings. Mna shujaa mmoja, Boromir, anayeitamani pete ile kwa siri, na siku moja ajaribu kumnyang'anya mwenye kuichukua. Saa chache baadaye achomwa mishale akiwatetea wenzake wadogo, na maneno yake ya mwisho ni kukiri lile alilotenda. Huo ni usia wa namna nyingine: nia iliyofichwa yafunuliwa na mwenyewe, tena kwa mtu ambaye angaliweza asijue kamwe. Katika hadithi zetu za kale ni shida kupata mfano kama huo. Kwetu anayekufa huacha fumbo, na kazi ya kulifumbua huwaangukia waliobaki.

Sasa tupande huku bara, maana hadithi tuliyoitaka tangu mwanzo ni ya kwetu. Sisi wa Oldonyo Sambu, katika mteremko wa Meru unaotazama Longido, tumezungukwa na wasemao Kimasai, na barabara ya kutoka Arusha kwenda Namanga yapita hapa. Mwisho wa barabara hiyo upande wa Tanzania, mpakani, pana mlima uitwao Ol Doinyo Orok, maana yake Mlima Mweusi. Yasemwa kwamba karibu na mlima huo ndipo alipozikwa Mbatian mwana wa Supeet, laiboni mkuu wa Wamasai, aliyekufa karibu na mwaka 1890.

Habari ya kufa kwake iliandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichotoka mwaka 1905. Mbatian alipoona kwamba mwisho wake umekaribia aliwaita wazee wa Matapato, akawausia wasihame katika nchi yao. Wakihama, ndui itawaua, ng'ombe watakwisha, na adui mwenye nguvu atawapiga. Tena akawaambia kwamba atakayemrithi ni yule mwanawe ambaye atampa vyombo vya ulaiboni, na huyo wamtii. Wazee wakakubali, wakaenda zao.

Kisha akamwita Sendeyo, mwanawe mkubwa, akamwambia aje asubuhi apewe vyombo. Lakini Lenana, mdogo wake, alikuwa amejificha katika kibanda cha ndama, akasikia yote. Akaamka mapema kabla ya kaka yake, akaingia kwa mzee, akasema kwamba amekuja. Mbatian alikuwa mzee sana, tena mwenye jicho moja. Akampa rungu ya chuma, na pembe ya dawa, na kibuyu, na mawe ya kupigia ramli, na mfuko, akambariki awe mkubwa kati ya ndugu zake na kati ya watu wote. Sendeyo alipofika aliambiwa kwamba ndugu yake amekwisha kuja na kupewa. Akaghadhibika, akaapa kwamba hatakuwa chini ya mdogo wake.

Waliosoma habari za Isaka na Yakobo na Esau watashangaa jinsi visa hivi viwili vinavyofanana, nao wenye elimu wamebishana sana juu ya mfanano huo. Sisi hatutaingia katika mabishano hayo. Twataka kumtazama yule mzee mwenye jicho moja.

Mbele ya wazee hakutaja jina. Alisema tu, yule nitakayempa. Kama alikuwa amekwisha kumchagua Sendeyo, kwa nini asimtaje mbele ya mashahidi, ambao kwa desturi ndio wangalimlinda? Na jina alilitaja kwa nani? Kwa Sendeyo peke yake, usiku, ndani ya nyumba yenye ndama. Laiboni ni mtu aonaye mambo yaliyo mbali. Hadithi hii hii inampa uwezo wa kuiona sotoka na ndui na Wazungu kabla hawajafika. Mtu wa namna hiyo ashindwe kumjua mtoto wake kwa sauti? Msimulizi ametuambia juu ya lile jicho moja ili tusiulize sana, na wengi wetu hatuulizi. Lakini kijana mmoja akiuliza darasani, hadithi yote hugeuka: huenda mzee alijua, akataka mwenye akili na bidii ya kuamka mapema, ila hakutaka kuonekana amemnyima mkubwa haki yake. Au huenda hakujua kweli, na baraka ikamponyoka. Hadithi yasimama imara kwa njia zote mbili, nasi twaona mtungaji wake, awaye yote, alikuwa fundi.

Kisha fikirini ni nani aliyefaidika na kusimuliwa kwa habari hii. Watu wa Lenana waweza kuisimulia kwa furaha: vyombo viko kwetu, na Mbatian mwenyewe aliamuru mwenye vyombo atiiwe. Watu wa Sendeyo nao waweza kuisimulia kwa uchungu: haki ilikuwa yetu, tuliibiwa. Hadithi moja, usia mmoja, na kila upande wachukua nusu yake. Ni mara chache tumeona maneno ya kufa yaliyogawanyika sawasawa hivi.

Jambo moja tu halikugawanywa sawa. Masimulizi yale yasema kwamba baada ya kifo cha Mbatian maradhi yaliwapata watu wa Sendeyo, ng'ombe zao wakafa, na Wadachi wakawapiga. Lakini watu wa Lenana hawakuugua, wakapata ng'ombe, kama mzee alivyotabiri. Historia yasema vingine. Sotoka iliingia katika nchi hizi karibu na mwaka 1891, ikafyeka ng'ombe wa Wamasai wote, kaskazini na kusini. Ndui ikafuata, na njaa pamoja nayo. Haikuuliza mtu ni mfuasi wa nani. Basi tukisikia utabiri uliotimia vizuri mno, tena kwa upande mmoja tu, yafaa tukumbuke kwamba Hollis aliyapata masimulizi yake upande wa Kenya, ambako Lenana alikuwa mkubwa akitambuliwa na serikali ya Waingereza. Ndugu hao walipigana miaka mingi, hata mwaka 1902 Sendeyo akaja kwa mdogo wake kuomba amani. Mtu aliyeshinda ndiye aliyebaki na nafasi ya kueleza baba yao alisema nini.

(Wapanda milima wa Ulaya nao wameandika hadithi hii juu ya Mlima Kenya pasipo kujua. Kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199, huitwa Batian. Kilele cha Lenana ni mita 4,985. Na Sendeyo amepewa kilele cha mita 4,704. Hata ramani imempandisha mdogo juu ya kaka yake.)

Hadi hapa tumesema juu ya hadithi, na mtu aweza kutuambia kwamba hadithi haimpunguzii mtu chakula chake. Basi tusikilize lililompata Lenana mwenyewe.

Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mkataba na wakubwa wa Wamasai. Wamasai waliacha malisho yao mazuri ya Bonde la Ufa ili yapewe Wazungu walowezi, wakapewa nchi mbili, moja kaskazini, Laikipia, na moja kusini. Na mkataba ukaahidi kwamba nchi hizo zitakuwa zao maadamu wako Wamasai duniani. Haikupita miaka mingi, walowezi wakaitamani Laikipia pia. Mwezi wa Machi 1911 Lenana akafa. Mara ikatangazwa kwamba alipokuwa akifa aliwausia watu wake waitii serikali, na kwamba wale wa kaskazini waache Laikipia, wakakae pamoja na wenzao wa kusini. Mwezi uliofuata, Aprili 1911, mkataba mpya ukatiwa sahihi, wa kuwahamisha.

Yatazameni maneno hayo kama tulivyoyatazama yale ya Liongo na ya Mbatian. Baba alikufa akiwausia watu wasihame. Mwana, yasemwa, alikufa akiwausia wahame. Aliyeyatangaza ni upande ule ule uliokuwa ukiitaka nchi. Yalikuja wakati ule ule yalipohitajiwa. Na aliyeyasema hawezi kuulizwa. Hatusemi kwamba Lenana hakutamka kitu; mtu aliyeishi karibu na serikali miaka mingi aweza kuwa alisema neno la kuwapendeza, au aliona kwamba watu wake wakigawanyika watapotea, au alitaka wale wa kaskazini warudi chini ya nyumba yake. Nia zote hizo zawezekana, tena zawezekana kwa pamoja. Lakini wanahistoria wamelitilia shaka sana tangazo lile, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Wengi wa Laikipia hawakutaka kwenda, wala usia haukuwageuza. Mkubwa wao, Ole Gilisho, ambaye Wazungu walimwandika Legalishu, alipinga. Watu walihamishwa pamoja na ng'ombe na kondoo wao, katika baridi na mvua ya milimani, na wengi wa wanyama wakafa njiani. Safari hizo hazikukoma mpaka mwaka 1913. Mwaka huo huo Wamasai wa kaskazini wakafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Waafrika siku zile: wakaajiri wanasheria, wakaishtaki serikali katika mahakama yake yenyewe, wakidai kwamba waliotia sahihi mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuitoa Laikipia, na kwamba mkataba wa 1904 ungali na nguvu.

Kesi ikasomwa mwezi wa Mei 1913. Mahakama ikasema kwamba Wamasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, na kwamba mikataba ile ni kama mapatano baina ya nchi na nchi, hivyo mahakama haina uwezo wa kuiamua. Rufani nayo ikaanguka kabla ya mwaka kwisha. Hivyo hapakutokea siku ambapo mtu yeyote alisimamishwa mbele ya hakimu, akaulizwa ni nani aliyekuwa kando ya kitanda cha Lenana, alisikia maneno gani, na kwa lugha gani.